Tulivyozima Seva Wakati wa Mbalamwezi

Kazi yangu ni kulinda mashine ambayo hakuna anayeiona. Iko Bukoba mjini, kwenye chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya kahawa, na mvua ikinyesha, yaani karibu kila siku, ukuta bado unatoa harufu ya magunia. Mashine yenyewe ni seva. Inatumiwa kwa pamoja na watu ambao wasingekaa meza moja hata harusini: vyama vya msingi vya kahawa, shule ya sekondari ya wasichana, umoja wa wachuuzi wa samaki, na zahanati za vijijini na visiwani zinazopokea majibu ya vipimo kutoka maabara ya mjini. Waliungana kwa sababu hakuna aliyeweza kununua ya kwake. Kila mmoja ana mlango wake na paswedi yake, na jirani haruhusiwi kuchungulia. Hilo la kutochungulia ndilo ninalolipwa kulisimamia, na ninalisimamia vizuri kuliko ninavyosimamia nyumba yangu.

Seva ilikuwa imezeeka. Programu zake zilikuwa hazitengenezewi tena kinga dhidi ya wezi wa mtandaoni, na kila asubuhi nilikuwa nikiifungua kwa moyo wa mtu anayekwenda kuangalia kama kuku wamelala salama. Nilisema. Nikasema tena. Mkuu wetu wa ofisi, mwanaume mpole anayependa mikutano kama watoto wa huku wanavyopenda msimu wa senene, alinijibu kwamba jambo hilo ni zito na linahitaji kutafakariwa. Kisha akaenda semina Dodoma na kurudi na mkoba mpya pamoja na maneno mapya. Alituita wote, akasimama, akatangaza kwamba kabla ya kuboresha seva ni lazima kukusanya mahitaji ya watumiaji. Aliyatamka kwa sauti ya mtu aliyeyavumbua. Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu safari hii alichosema kilikuwa sahihi.

Ili kazi ifanyike kitaalamu, aliletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Alishuka kwenye ndege akiwa na viatu vyeupe, kwenye mvua ya Bukoba, udongo mwekundu ukimsubiri kwa hamu. Sikuwa na ugomvi naye. Alikuwa kijana mwenye adabu, anajua kompyuta kweli, na alikuwa na jedwali zuri lenye safu ya "hitaji" na safu ya "kipaumbele". Kilichobaki ilikuwa ni watu waje wajipange ndani ya safu hizo.

Tulianza na chama cha kahawa huko Buganguzi. Mwenyekiti alitupokea nyumbani kwake, katikati ya kibanja, migomba imetuzunguka pande zote. Tukapewa kahawa ya kutafuna, tukaulizwa habari za wazazi wetu na za safari, tukaletewa ndizi na maharage, tukala. Mtaalamu akafungua kompyuta juu ya goti lake, akauliza, "Mzee, changamoto zenu na mfumo ni zipi?"

Mwenyekiti akatabasamu, akaanza kwa neno la heshima la Kihaya. "Waitu, sisi tunashukuru sana. Mfumo ni mzuri."

"Hakuna kinachowasumbua?"

"Tunashukuru kwa kutujali, mpaka mmefika huku."

Mtaalamu akambana kidogo, kama anavyobanwa shahidi. Mwenyekiti, akiona mgeni anaelekea kusikitika, akamtafutia hitaji la kumridhisha: ile picha yake kwenye tovuti ingeongezwa ukubwa. Jedwalini ikaingia "picha", kipaumbele cha kati. Katibu wa chama, asije akaonekana hana ushirikiano, naye akaomba tovuti iwekwe mchoro wa mbuni wa kahawa unaotikisika.

Tulipoaga, mwenyekiti aliinuka atusindikize. Sasa hapa ndipo kazi yetu yote ilipokuwa. Kwetu huku mgeni aliyekaa hatupiwi shida usoni. Analishwa, anasifiwa, anashukuriwa. Lile lililo moyoni hutoka anaposindikizwa, kwenye kinjia cha kutokea, wote wakiwa wamesimama na hakuna anayemtazama mwenzake machoni. "Basi, kuna kajambo kadogo," mtu anasema, na hako kajambo kadogo ndiko kalikofanya asilale wiki nzima. Mama yangu mzazi aliniambia kwamba amepata uvimbe kifuani nikiwa nimeshika mlango wa gari, baada ya siku mbili za kukaa naye jikoni tukizungumzia wajukuu.

Mtaalamu wetu alikuwa ameshaingia kwenye gari na kufunga mkanda. Mwenyekiti alilifuata gari akiwa ameshika kioo kilichoshushwa nusu, kinywa kikianza kufunguka, na dereva wetu, mtu wa kutii muda, akakanyaga mafuta. Nilimwona kwa nyuma amebaki barabarani na mkono hewani. Hadi leo sijui alitaka kusema nini, ila nina uhakika haikuwa picha.

Njiani nikamweleza mtaalamu habari za kusindikizwa. Alinisikiliza kwa makini kabisa, akaandika, akafikiri. Kisha akasema kwamba kama watu wanachukua muda mrefu kiasi hicho, basi ni bora kuwakusanya wote ukumbini Muleba, siku moja, wamalize. Yaani alielewa tatizo, akaja na dawa inayolikamilisha. Ngenge, ambako tulipaswa kwenda kesho yake, ikaondolewa kwenye ratiba kwa sababu ya ubovu wa barabara, na viatu vikapona.

Ukumbi wa Muleba ulikuwa mzuri. Kulikuwa na maji ya chupa, viti vyenye vitambaa, na bango lenye nembo zetu zote. Kosa lake lilikuwa moja tu: hapakuwa kwa mtu. Hakuna mwenyeji, wote wageni, hivyo hakuna wa kumsindikiza mwenzake. Watu walikaa wakashukuru. Shule ilishukuru, kahawa ikashukuru, samaki wakashukuru. Kila aliyesimama alianza kwa kuunga mkono aliyetangulia. Mtaalamu alikuwa anaandika "wameridhika" kwa kasi ambayo ilimpa furaha ya wazi usoni.

Miongoni mwa waliokuja alikuwepo muuguzi kutoka kisiwani, mama mtu mzima, Mhaya wa huku huku Muleba aliyepelekwa zahanati ya kisiwa na kukaa huko miaka mingi kuliko alivyoahidiwa. Nilimfahamu kwa simu. Ndiye aliyekuwa akinipigia paswedi inapomkataa, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa ananiita mwanangu na kunigombeza kwa pumzi ile ile. Zamu yake ilipofika akasimama, akavuta kitenge chake vizuri, akasema zahanati yake inashukuru. Mimi niliyemjua nikashtuka kuliko kama angetukana.

Baada ya chakula mkuu wetu akatangaza tarehe. Seva ingezimwa Ijumaa mchana, kazi ifanyike mwisho wa juma ambapo, alisema, watumiaji wamepumzika, na Jumatatu ingewashwa rasmi. Mtaalamu akaonyesha mchoro ukutani wenye mistari inayoshuka Jumamosi na Jumapili. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Muuguzi hakuitikia.

Mkutano ulipoisha alibeba mfuko wake kwenda kutafuta usafiri wa kumfikisha mwaloni kabla mtumbwi haujaondoka. Mimi si mwenyeji wa Muleba, lakini nikaupokea ule mfuko mkononi mwake nikaanza kutembea naye. Tulipita sokoni, tukapita nyuma ya mabasi ya Biharamulo yanayoita abiria. Tulipofika kwenye pikipiki akasimama.

"Kuna kajambo," akasema.

"Nakusikiliza mama."

"Hiyo Ijumaa yenu ni mbalamwezi."

Nilihitaji kufikiri kidogo, aibu yangu mtu wa mjini. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo watu wote wako nchi kavu: wanashona nyavu, wanakunywa, wanapigana, na wanakuja zahanati. Kwenye giza zahanati ni tupu. Kwenye mbalamwezi inafurika mpaka nje. Na mbalamwezi ikianza kuisha ndipo makambi yanapohama, kila tajiri anapeleka mitumbwi yake anakosikia dagaa wapo. Jumamosi na Jumapili, kule, hazina kazi yoyote zaidi ya misa.

"Nina mtoto," akaendelea. "Wa kwenye kambi. Mama yake ana VVU, mtoto nimemchukua damu, nimepeleka maabara. Jibu wamesema mwisho wa juma hili linalokuja. Sasa wewe unanizimia mashine."

"Maabara haiwezi kukupigia simu?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na mlinzi wa benki kama mlango una kufuli. "Mwanangu, ni nyie mliotukataza. Jibu halisemwi kwenye simu. Mlitufundisha siku nzima, mkatupa na soda."

Ni kweli. Mimi ndiye niliyefundisha, na ninaamini kile nilichofundisha, maana kisiwani habari ya mtu ikitoka asubuhi, jioni hana pa kupika.

"Kambi yao inahama wakati gani?"

"Mwezi ukipungua tu. Mume ni mvuvi wa tajiri, hana la kuamua. Na mama ndiye anayewapikia. Wakishaondoka, nitampatia wapi? Kama jibu ni baya, dawa inaanza siku ile ile. Mtoto mchanga hana nafasi ya kusubiri." Akapanda pikipiki, akapokea mfuko wake. "Mle ndani ningeyasemaje hayo, mbele ya mwalimu na wale wa samaki? Wao ndio wananunua dagaa kwa tajiri wa mumewe. Haya, kasinge waitu," akaniaga kwa Kihaya.

Nilirudi ukumbini nikiwa karibu kukimbia. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli, furaha ya mtu aliyetumwa kutafuta mahitaji na amepata moja. Nikamwambia mkuu wetu tusogeze mpaka mwezi uishe, giza lirudi. Alinielewa vizuri sana. Alisikitika. Alisema hilo ni hitaji la msingi kabisa, na kwamba litaingizwa kwenye awamu ya pili.

"Mkuu, mtoto hana awamu ya pili."

"Tarehe tumeshampa mgeni rasmi," akasema. "Na fulana zimeshachapwa."

Sikuwa na habari za mgeni rasmi wala fulana. Kumbe seva yangu ingezinduliwa. Miaka yote imekaa kwenye stoo ya kahawa ikifanya kazi bila hata kufutwa vumbi na mtu mwingine, leo imepata utepe. Mtaalamu, kwa upande wake, alisema kitu cha haki: kwamba akipewa nafasi kuanzia Ijumaa mchana atafanya haraka, huenda Jumamosi jioni ikawa tayari. Nikamshika kwa neno hilo. Nikampigia muuguzi, nikamwambia amzuie yule mama asiondoke, Jumamosi jioni jibu litafunguka.

"Nitamzuia kwa maneno tu," akasema. "Kamba sina."

Ijumaa nikaizima mwenyewe. Saa chache baadaye kijana wa maabara alinipigia kuuliza mbona mlango haufunguki, ana majibu ya visiwani mkononi. Nikamwambia ayatunze. Tulifanya kazi, mtaalamu na mimi, bila mzaha. Viatu vyeupe alivivua, akafanya kazi peku kwenye sakafu ya sementi, na nikaanza kumpenda kidogo. Jumamosi, jua likiwa bado halijazama, kila kitu kilikuwa kimepita majaribio. Milango yote ilikuwa inafunguka kwa paswedi yake na kukataa paswedi ya jirani. Kilichobaki ilikuwa ni kuirudisha hewani, kazi ya mistari michache.

Nikampigia mkuu kumwomba ruhusa. Alikuja mwenyewe, na familia yake ikiwa kwenye gari, wanatoka sherehe ya kipaimara.

"Imekamilika?"

"Imekamilika. Naiwasha."

"Subiri," akasema. "Ukiiwasha leo, Jumatatu mgeni rasmi atawasha nini?"

Nilidhani anatania. Nikamweleza tena habari za mtoto, za mwezi, za kambi. Nikamwambia tunaweza kuiwasha leo na Jumatatu mgeni akabonyeza tu, nani atajua. Akasema mambo ya uongo mbele ya kiongozi yeye hawezi. Alikasirika kabisa, kwa uadilifu. Alisema pia kwamba shule ya wasichana wameandaa ngonjera kuhusu giza na nuru. Kisha akafunga kile chumba, akautia ufunguo mfukoni mwa suti, akatutakia Jumapili njema. Mtaalamu alisimama koridoni na viatu mkononi akitazama mlango. Nilitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na sijutii hata neno moja.

Muuguzi alinipigia Jumapili, kengele za misa zikisikika huku mjini. "Wanakunja maturubai," akasema. "Vipi?"

"Kesho, mama."

"Kesho," akarudia, akakata simu.

Jumatatu mgeni rasmi alichelewa, kama inavyotakiwa kwa mgeni rasmi. Wasichana wa sekondari walisimama kwenye manyunyu wakiwa na ngonjera yao. Mkuu alikuwa ameniagiza nitafute kitufe cha kubonyeza, chekundu, kikubwa, kwa sababu seva haina kitu cha kupendeza cha kubonyezwa mbele ya kamera. Nilikwenda dukani nikanunua swichi ya kengele ya mlangoni, nikaibandika juu ya kibao, nikakifunika kitambaa. Haikuunganishwa na chochote. Mkuu wetu, aliyeshindwa na uongo siku ya Jumamosi, hakuona shida nayo kabisa, akaisifu hata rangi yake. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu kusikiliza wananchi. Akapewa jedwali la mahitaji yaliyokusanywa, limewekwa kwenye fremu. Akabonyeza. Nyuma ya pazia mimi nikagusa kibodi, ukutani ikatokea picha ya mwenyekiti wa kahawa, kubwa kama dirisha, na watu wakapiga makofi. Mbuni ulikuwa unatikisika.

Maabara waliingiza majibu yao hapo hapo. Niliona mlango wao ukifunguka na kufungwa. Muda si mrefu mlango wa kisiwani nao ukafunguka. Mimi ninaona milango tu. Ninao uwezo wa kuona na kilichomo, ufunguo wa yote ninao, na sijawahi kuutumia kwa kitu kama hicho. Nikatoka nje, nikasimama chini ya paa kwenye mvua, nikampigia muuguzi.

"Mlango umefunguka," akasema. "Ni mwepesi sasa, hauzunguki kama zamani."

"Yule mama?"

"Aliondoka jana. Nilimshika mpaka majini, nikasimama ndani ya maji na sare. Tajiri akawasha mashine ya mtumbwi."

"Wamekwenda wapi?"

"Wanafuata dagaa. Wengine wanasema upande wa Ukerewe. Nimewaambia wachuuzi wakimwona wamwambie alisahau nguo za mtoto kwangu, arudi azichukue. Nimewaambia nguo, basi."

Ndani wasichana walianza ngonjera yao. Nilimuuliza swali ambalo sikuwa na haki nalo. "Jibu linasemaje, mama?"

"Hilo siwezi kukuambia, mwanangu. Unajua."

"Najua. Nisamehe."

Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu yake na mtu akimwita mlangoni.

"Kesho nafunga zahanati," akasema. "Nimepata nafasi kwenye mtumbwi wa kubeba chumvi, nakwenda kumtafuta kambi kwa kambi. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia."

Nikamwambia achukue koti, ziwani ni baridi.